Acheni kutuuzia skrini ya kugusa ya mezani kama nyongeza isiyo na hasara

#1

Wakuu, naenda moja kwa moja kwenye hoja. Watengenezaji na wauzaji wa kompyuta za mezani zenye skrini ya kugusa wanaficha mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua kabla hajatoa hela. Kwenye boksi wanaandika "touch" kwa herufi kubwa, basi, habari imeishia hapo.

Tuanze na mkono. Skrini ya mezani inasimama wima, sentimita 50 hadi 70 kutoka machoni. Kuigusa maana yake unanyoosha mkono mbele na kuuacha hewani bila pa kuegemea, na bega ndilo linalobeba uzito wote. Dakika chache tu za kazi mfululizo, bega linawaka. Ukisogeza kiti karibu ili mkono usinyooke sana, sasa macho na shingo ndivyo vinaumia. Wala si siri mpya hii. HP walikuwa na kompyuta ya mezani ya kugusa, HP-150, mwaka 1983. Steve Jobs, bosi wa Apple wakati huo, alisema hadharani mwaka 2010 kwamba skrini ya kugusa iliyosimama wima inachosha mkono. Windows 8 ilipotoka 2012, soko likajaa mashine zilezile zilizosimama wima, stendi inalala nyuma kidogo tu. Walijua, wakauza.

Pili, ukubwa wa vitu kwenye kioo. Skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli ni kama milimita 0.28. Alama ya pikseli 16 inakuwa na milimita 4.4 tu, wakati kidole kinahitaji karibu milimita 9 ili kisikosee, yaani pikseli 32. Utaambiwa "kuza maandishi hadi asilimia 150". Haya, kuza: alama ile inafika milimita 6.6, bado haitoshi, na nafasi ya kazi imebaki sawa na ya skrini ya pikseli 1280 kwa 720. Umenunua kioo kikubwa ukabakiwa na nafasi ya kioo kidogo. Jaribu kushika mpaka kati ya safu mbili za Excel kwa kidole uone. Halafu kuna menyu zinazofunguka kipanya kikipita juu yake bila kubofya; kidole hakina namna ya kupita juu bila kugusa, kwa hiyo menyu hizo ama hazifunguki ama zinabofya kitu usichokitaka.

Tatu, na hili ndilo linaniudhi kuliko yote: hawasemi ni teknolojia gani imo ndani. Kuna skrini za kamera, ambazo zina vihisi vidogo kwenye kona na mwanga wa infraredi unaopita juu ya kioo. Nyingi zinatambua vidole 2 tu. Vumbi likikaa kwenye fremu, inzi akitua, au jua la dirishani likipiga kioo, skrini inahesabu kuwa umegusa. Na kuna za kapasitivu, zenye tabaka la kupitisha umeme chini ya kioo, ambazo kwa kawaida zinatambua vidole 10. Tofauti ni kubwa mno, lakini kwenye tangazo zote mbili zinaitwa jina moja.

Nne, waya. HDMI inabeba picha, haibebi mguso. Skrini ya kugusa ya pembeni inahitaji waya wa USB kurudi kwenye kompyuta, au USB-C moja inayobeba picha na data pamoja. Watu wanachomeka HDMI peke yake, mguso haufanyi kazi, wanarudisha skrini nzima dukani. Sentensi moja kwenye boksi ingemaliza tatizo hili. Na mwenye Mac ajue kabisa kwamba macOS haiungi mkono skrini za kugusa bila programu ya ziada.

#2

Mkuu naunga mkono, niongezee kuhusu miguso hewa, yaani skrini kujihesabia mguso wakati hakuna aliyeigusa, maana mafundi wengi wanakimbilia kubadilisha kioo kabla ya kupima.

Kwanza zima skrini, futa kioo na kingo zote za fremu kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Usipulizie maji moja kwa moja, na usitumie dawa ya vioo yenye amonia, inaharibu tabaka la juu. Kwa skrini za kamera, kona ndizo za kusafisha zaidi.

Kisha, kwenye Windows, angalia Settings, System, About, sehemu ya "Pen and touch". Ikiandika vidole 2, uwezekano mkubwa ni skrini ya kamera. Ikiandika 10, ni kapasitivu karibu kila mara, na hapo mshuku umeme: adapta hafifu au soketi isiyo na erthi inaingiza kelele kwenye tabaka la mguso. Jaribu adapta nyingine ya volti na ampea zilezile, kwenye soketi yenye erthi. Miguso hewa ikipungua, kioo hakina kosa.

Isipopungua, fungua Paint, chora mistari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, wima na mlalo. Mstari ukikatika mahali palepale kila mara, tabaka la mguso au utepe wake wa waya umekufa. Miguso ikiruka ovyo kila upande bila mpangilio, rudi kwenye umeme.

Mguso ukipotea baada ya kompyuta kulala, ingia Device Manager, tafuta kitovu cha USB, na kwenye Power Management ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kukizima.

#3

Mwenye skrini mbili na mguso unaotokea kwenye skrini ya pili: Control Panel, Tablet PC Settings, bonyeza Setup. Maandishi yakitokea kwenye skrini isiyo ya kugusa, bonyeza Enter. Yakifika kwenye ya kugusa, iguse. Kwenye Linux inayotumia X (mfumo wa kuonyesha picha), andika amri xinput map-to-output, namba ya kifaa, kisha jina la mlango wa picha.

Anayetaka kuizima kabisa: Device Manager, Human Interface Devices, "HID-compliant touch screen", Disable. Kipanya hakiguswi na hilo.

#4

Wakuu, hasira zina msingi ila tusitupe kila kitu. Mguso wa mezani unafaa pale kazi inapokuwa fupi au kioo kinapolala. Mapokezi, kaunta ya malipo, kuweka sahihi, mtoto mdogo asiyeweza kipanya, mtu mwenye mkono usiotulia anayehitaji vitufe vikubwa: hapo hakuna mbadala. Kwa wachoraji, Surface Studio ya 2016 ilikuwa na bawaba inayolaza kioo cha inchi 28 hadi digrii 20, kiganja kinaegemea, kalamu inafanya kazi. Hapo bega halibebi chochote.

#1

Nakubaliana nawe #4, na huo ndio ushahidi wangu. Wanajua kioo kinapaswa kulala, ila stendi ya namna hiyo ni ghali, kwa hiyo wanaotaka bei ndogo wanapewa shingo moja nyembamba. Ukigusa, kioo kinatikisika, unasubiri kitulie ndipo uguse tena. Ukitaka kuhamia kwenye mkono wa chuma unaoshikilia skrini mezani, kagua matundu ya VESA nyuma (matundu ya skrubu ya kufungia skrini), milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100, na uzito ambao mkono huo unabeba. Mashine nyingi ambazo kompyuta na kioo ni kitu kimoja hazina matundu hayo kabisa.

Kuhusu matengenezo, kwenye nyingi kioo, tabaka la mguso na paneli ya picha vimegundishwa pamoja. Ufa mdogo wa kona unaweza kuleta miguso hewa ingawa picha ni nzima, na unabadilishiwa seti yote.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mbane muuzaji akujibu kwa maandishi: ni kamera au kapasitivu, vidole vingapi, stendi inalala digrii ngapi, VESA ipo au haipo, mguso unapita waya gani, na kioo kinabadilishwa peke yake au na paneli. Asiyejibu hata moja kati ya hayo, chukua skrini ya kawaida na kipanya kizuri.