Mlango wa buti wa Ipsum haukai sawa, naweza kuurekebisha nyumbani?

Mkazi wa Uyole: Habari za jioni wakuu. Nina Toyota Ipsum, mlango wa nyuma umelalia kulia. Kushoto kidole kinapita kwenye uwazi, kulia bati linakaribia kugusa taa. Usipoubamiza haufungi. Nikitoka Tukuyu na mvua zake, kapeti la buti linalowa chapachapa. Fundi mmoja hapa Mbeya anataka anyooshe na kupiga rangi upya, bei yake hata sitaki kuitaja. Spana ninazo. Nianzie wapi?

Bati Moja: Anzia kwenye kile chuma cha U kinachokamatwa na kitasa. Chora alama ya kalamu kukizunguka, kisha kitoe kabisa. Shusha mlango taratibu uone unakaa wapi wenyewe. Wengi hukisogeza hicho chuma tu, mlango unavutwa kwa nguvu uonekane umenyooka, baadaye kitasa kinalika. Kuubeba mlango ni kazi ya bawaba, mkuu. Ukikaa vibaya hata bila chuma, tatizo liko juu.

Mkazi wa Uyole: Nimekitoa. Bado umelala kulia.

Lumbesa: Hayo magunia ya viazi unayopakia mpaka mlango unafungwa kwa kamba, bawaba zitaacha kupinda?

Bati Moja: 😂 Kasema kweli huyo. Sasa shusha kitambaa cha dari kwa nyuma, utaona bolti za bawaba, mara nyingi namba 10 au 12. Chora alama napo. Usizifungue zote, legeza kiasi cha mlango kusogea ukisukumwa kwa mkono, kaza, funga, tazama. Sogeza kidogo sana, maana ukigusa juu kidogo, chini unahama zaidi. Uwazi ukilingana pande zote, rudisha chuma bila kukikaza, funga mlango polepole kijitafutie katikati, fungua, ndipo ukaze. Vile vimpira vya kugongea vya pembeni viache mwisho, uvizungushe mpaka viguse mlango bila kuusukuma.

Mama Kihesa: Mdogo wangu, usifanye peke yako. Mlango ule ni mzito, na shokapu zake zinasukuma wakati bolti zimelegea. Tafuta mtu aushike. Zikague pia: moja ikichoka, nyingine inausukuma mlango upande. Na usizitoboe, zina gesi yenye mgandamizo mkali.

Kamwene: Mwenye RAV4 za kabla ya 2013 asifuate haya yote. Mlango wake unafunguka kwa pembeni na mara nyingi umebeba tairi la akiba, ukishuka unashuka upande wa kitasa.

Mkazi wa Uyole: Ndaga fijo, asanteni sana wakuu! Bolti ya bawaba ya kushoto ilikuwa imelegea. Sasa unafunga kwa kusukuma tu. Ila maji?

Bati Moja: Bana noti kati ya mlango na ule mpira wa ukingoni unaozuia maji, funga, vuta. Ikitoka kirahisi, hapo mpira haushiki. Zunguka hivyo mlango mzima. Usipuuze, maana panapopita maji na moshi wa ekzosi unapita, na ile gesi yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu. Mpaka upate mpira mwingine, usiwaache watoto kiti cha nyuma kabisa.

Mkazi wa Uyole: Noti inachomoka pembe ya chini kulia. Kesho naenda Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, kuutafuta huo mpira.

Lumbesa: Nenda na gari tupu.