Aliyefuta kolamu za idadi kwenye pivoti yangu akabakiza asilimia tupu, Mungu anamuona

Wakuu za jioni. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mtanivumilia nikiruka nukta, nina jambo limenikaa kooni tangu Jumatatu na nyumbani hakuna wa kumwambia maana mama watoto akisikia neno Excel anaongeza sauti ya TV.

Mimi ni karani wa data kwenye depo moja hapa Dar, tunasambaza sabuni na mafuta ya kula madukani, jina silitaji maana ugali bado naula pale pale. Kila oda inayotoka ina mstari wake kwenye Excel: tarehe, namba ya oda, eneo, dereva, na hali yake, yaani Imefika au Imerudi. Mwezi uliopita mistari 4,400. Kila mwisho wa mwezi natengeneza pivoti, yaani lile jedwali la Excel linaloikusanya mistari yote kwa makundi na kuihesabu, maeneo yanakaa kwenye mistari, hali inakaa kwenye makolamu, halafu namba ya oda naiburuta kwenye Values, pale panapokaa namba za kuhesabiwa, MARA MBILI, ya kwanza inabaki hesabu ya kawaida, ya pili naigeuza asilimia. Ndo hivyo, idadi na asilimia yake vinakaa ubavu kwa ubavu kama mume na mke. Kazi ya dakika tatu.

Ijumaa nikatuma. Jumatatu kikaoni kwenye projekta naona kitu kingine kabisa, kolamu zote za idadi hazipo, zimebaki asilimia tupu na rangi za kijani na nyekundu. Kijana mmoja wa makao makuu anasema kwa tabasamu "niliisafisha kidogo kaka, ilikuwa na namba nyingi". ILIKUWA NA NAMBA NYINGI. Ripoti. Ya namba. Imekutwa na namba.

Sasa nisikilizeni maana hapa ndo penyewe. Pivoti yangu ilikuwa inasema hivi: Kariakoo oda 2,400 zimerudi 96. Mbagala oda 900 zimerudi 45. Tegeta 600 zimerudi 30. Gongo la Mboto 475 zimerudi 24. Kigamboni oda 25, zimerudi 5. Jumla kuu zimerudi 200 kati ya 4,400. Ukiweka asilimia ya mstari, yaani kila eneo na oda zake lenyewe, Kariakoo inapata 4%, wale wengine watatu wanacheza kwenye 5%, na Kigamboni inapata 20%.

Ile 20% ikawa nyekundu ukutani, kubwa, inang'aa. Mzee wetu wa Kigamboni akasimamishwa mbele ya watu aeleze kwa nini moja ya tano ya mzigo wake inarudi. Mtu mzima kabisa anakuna kichwa tu, maana hata yeye hajui hiyo asilimia ishirini ni oda ngapi. Ni TANO wakuu. Oda tano, na nne kati ya hizo ni za duka moja ambalo mwenyewe alifunga kwenda msibani, gari likifika linakuta kufuli. Kama ile 5 kati ya 25 ingekuwa imekaa pembeni ya 20% nani angemsimamisha mzee wa watu? Hakuna, wangecheka wakapita kwenye eneo linalofuata.

Haijaisha. Bosi akauliza kwa kampuni nzima tukoje, yule yule kijana akachukua zile asilimia tano akajumlisha akagawa kwa tano akasema wastani ni 7.8%. Nilitaka kulia. 200 kati ya 4,400 ni 4.5%, na ilikuwa imeandikwa pale chini kwenye Grand Total kabla hajaifuta! Unawezaje kuchukua asilimia ya oda 25 na asilimia ya oda 2,400 ukazipa uzito sawa kwenye mzani? Basi tuwalipe mshahara sawa dereva wa safari moja kwa wiki na wa safari nane kwa siku. Nikanyoosha mkono nikaambiwa muda umeisha tutaongea nje, na nje hakuna aliyeongea.

Jumatano ndo ikawa balaa. Mtu wa upande wa akaunti akaomba "ile ripoti ya zilizorudi", akapewa toleo lingine ambalo mtaalamu wetu amebofya asilimia ya kolamu badala ya asilimia ya mstari. Mnajua kinachotokea hapo, sasa hivi haiulizi tena Kariakoo imerudisha ngapi kati ya oda zake, inauliza kati ya zile 200 zilizorudi kampuni nzima Kariakoo wamechangia ngapi. 96 kati ya 200 ni 48%. Skrinishoti ikaruka kwenye grupu la WhatsApp na maneno chini yake "karibu nusu ya mzigo wa Kariakoo unarudi, hii haikubaliki". Kariakoo! Ambao ndo wana kiwango kidogo kuliko wote!! Bonasi yao imesimamishwa mpaka ijadiliwe. Na kwenye hilo toleo Kigamboni imeshuka mpaka 2.5%, kwa hiyo mzee Jumatatu ni mzembe Jumatano ni mfanyakazi hodari, na oda ni zile zile tano hazijaongezeka hata moja. Wangebofya asilimia ya jumla kuu, yaani 5 kati ya oda zote 4,400, angepata 0.1%. Oda tano zilezile, majibu matatu, na yote ni ya kweli, na bila idadi pembeni hakuna binadamu anayeweza kujua anaangalia lipi.

Na msiniambie ni kosa la watu tu, hii programu nayo ina lake jambo. Pivoti zipo kwenye Excel tangu toleo la 5 la mwaka 1993. Miaka yote hiyo wameshindwa kuweka kisanduku kimoja cha kutiki "onyesha na asilimia"? Lazima uburute fildi ile ile, yaani kolamu ile ile ya data, mara mbili kama mtu asiyejielewa, halafu ya pili inajiita "Count of Namba2", ukishaigeuza asilimia jina linabaki hilo hilo, halisemi ni asilimia ya mstari au ya kolamu au ya nini. Mtu akipokea faili atajuaje? Mpaka abofye kulia aingie "Show Values As" aangalie tiki imekaa wapi, na kwenye skrinishoti ya WhatsApp huwezi kubofya kulia. Na ukitaka uipe jina la kueleweka, ukiandika jina linalofanana na la kolamu ya data inakugomea inasema jina lipo tayari, inabidi uongeze nafasi moja mwishoni kama unamdanganya mtoto.

Jingine. Namba za oda zikiwa tarakimu tupu ukiziburuta Excel inazijumlisha yenyewe, unapata jumla ya namba za oda, mamilioni huko, kitu ambacho hakina maana yoyote duniani. Lazima ukumbuke kugeuza iwe Count, yaani ihesabu oda ni ngapi.

Filta, ile ya kuchagua kipi kionekane na kipi kifichwe, ndo usiseme. Bosi mwenyewe alikuja mezani kwangu akatoa tiki ya Kariakoo "aone maeneo madogo", kwenye ile asilimia ya kolamu Mbagala ikaruka kutoka 22.5% mpaka 43%, akashtuka Mbagala kumetokea nini. Mzee Mbagala hakujatokea kitu, ni 45 zile zile, ila umeondoa 96 kwenye kapu likabaki 104, na asilimia inapigwa kwa kilichobaki kinaonekana. Nikamuonyesha 45 kabla na 45 baada. Akanyamaza kidogo, akasema "aaah". Hiyo "aaah" ndo ninayoipigania humu. Ilitoka kwa sababu idadi ilikuwepo pale.

Wale mnaosema asilimia nitapiga nje ya pivoti kwa fomula, nimepita huko. Unaandika alama ya sawasawa unabofya seli ya pivoti inajiandika fomula ya GETPIVOTDATA ndefu kama treni, na jina la Kariakoo limeandikwa ndani yake, ukiivuta chini mistari yote inakupa jibu moja la Kariakoo. Ukiizima ukatumia seli za kawaida, mwezi ujao likiongezeka eneo jipya ukarifreshi, mistari inasogea na fomula zako zinabaki pale pale zinasoma eneo la jirani. Niliwahi kutuma ripoti ya hivyo, sitaki kukumbuka.

Kwa hiyo ombi langu kwa mtu yeyote anayepokea pivoti ya mwenzake: USIFUTE IDADI. Ukiona makolamu ni mengi, na kweli yanakuwa mengi, hali mbili na jumla yake kila moja ina idadi na asilimia tayari ni kolamu sita, basi ficha ile asilimia ya jumla ambayo siku zote ni 100% haisaidii mtu, punguza desimali, fanya chochote. Lakini ile 25 iache ikae na 20% yake.

NYONGEZA: naona wengi mnauliza hatua. Buruta fildi mara ya pili kwenye Values, bofya kulia kwenye namba yoyote ya hiyo kolamu ya pili, "Show Values As", chagua "% of Row Total" kama swali lako ni la kila eneo na mzigo wake. Halafu badilisha jina uandike kwa maneno yako, mimi naandika "% ya oda za eneo", ili hata mlinzi akiiona aelewe. Kwenye Google Sheets ni hivyo hivyo, unaongeza Value ileile mara ya pili, pale "Show as" unachagua.

NYONGEZA 2: aliyeuliza kama inawezekana idadi na asilimia vikae seli moja, kwamba "96 (4%)", kwa pivoti ya kawaida hapana, mpaka uingize data kwenye Data Model, ghala la data la ndani ya Excel, uandike fomula ya DAX, lugha ya fomula za huko, inayotoa maandishi. Nimeijaribu leo mchana badala ya kwenda kula. Inafanya kazi. Na uzuri wake yule kijana akitaka kufuta idadi itabidi afute na asilimia.