Naomba msaada: babu wa babu yake mume wangu alitoka Wales akaja Scranton, nimekwama kwenye jina Davies

Binti_Pangani:
Habari zenu wadau. Mimi nipo huku Pennsylvania, nimeolewa na mzungu, sasa mama mkwe amenikabidhi boksi zima la makaratasi ya ukoo wao maana anajua napenda kuchimbua mambo ya zamani, wanawe mwenyewe hawana habari. Ninayemtafuta ni babu wa babu yake mume wangu, David Davies, alikuwa mchimba makaa ya mawe Scranton. Nilicho nacho ni sensa ya 1900 inayosema kazaliwa Wales 1852 na kaingia Marekani 1871, picha ya kaburi, na Biblia ya Kiwelshi yenye tarehe za kuzaliwa watoto kwa mkono. Mama mkwe anasema jina lao lilibadilishwa na maafisa pale Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York. Nikitafuta Davies wa Wales wa miaka hiyo wanamwagika mpaka nachoka, na orodha za meli ndo usiseme. Nianzie wapi jamani?

Mzee_wa_Mafaili:
Binti shikamoo ya mama mkwe mpe, ila hiyo ya Ellis Island mwambie taratibu kwamba haiwezekani. Ellis Island imefunguliwa Januari 1892, huyu kaingia 1871, kama alishukia New York basi alipita Castle Garden, kituo kilichotangulia. Na hata hiyo Ellis Island yenyewe makarani walikuwa wanafuata orodha iliyokuja na meli, hawakuwa wanagawa majina mapya.

Orodha za meli achana nazo kwa sasa. Za miaka ile zinakupa jina, umri, kazi na nchi, basi, kijiji hakuna, hata ukimpata utajuaje ndo yeye? Karatasi za uraia za kabla ya 1906 nazo vilevile, utakuta tu anamkana malkia wa Uingereza 😂

Anza na kifo chake ndo urudi nyuma. Pennsylvania walianza kutoa vyeti vya kifo vya jimbo 1906, kama alikufa baada ya hapo cheti kina nafasi ya jina la baba, la mama na mahali alipozaliwa. Tafuta na vya kaka na dada zake kama walikuja naye. Ila kumbuka aliyejibu maswali ni mfiwa, sio marehemu, kwahiyo usikiamini kama msahafu. Kitu kingine watu wanakwama hapa: kaunti ya Lackawanna imezaliwa 1878 tu, kabla ya hapo Scranton ilikuwa ndani ya Luzerne, kwahiyo makaratasi ya zamani ya ardhi na mahakama yapo Wilkes-Barre, makao makuu ya Luzerne.

Binti_Pangani:
Asante sana mzee wangu, marahaba zitafika. Cheti nimekipata mtandaoni bure kabisa!! Kafa 1911, baba ameandikwa Evan Davies, mama "hajulikani", kazaliwa "Wales" 😩 Ila kwenye jalada la ndani la Biblia kuna maandishi ya wino "Aberdâr 1869", huyo ni mtu au mahali?

Dada_wa_Cardiff:
Mahali hapo dada! Ndo Aberdare, bonde la makaa ya mawe, Glamorgan, wachimbaji wengi sana walitoka huko kwenda Scranton, hasa mtaa wa Hyde Park. Sasa umebakiza kazi ndogo, sio ndogo sana lakini.

Sensa ya huku Wales ilifanyika tarehe 2 Aprili 1871, kama alipanda meli baada ya hapo basi yumo. Ila mimi ningeanza na ya 1861, atakuwa na miaka kama 8 au 9 nyumbani kwa wazazi, na hapo Evan ndo anakusaidia, na jina la mama utalipata hapohapo. Ukishawapata nenda kwenye faharasa ya vizazi ya serikali, ya bure, unasajili tu, inaonyesha ukoo wa mama kabla hajaolewa. Aberdare tafuta chini ya wilaya ya Merthyr Tydfil, ndo ilikosajiliwa.

Ukivuka kwenda nyuma ya Evan uwe makini, maana zamani Wawelshi walikuwa kama sisi wa Pwani na Ali bin Juma, mtoto anachukua jina la baba. Babake Evan anaweza asiwe Davies kabisa, akawa David fulani tu. Na usishangae ukimkosa kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia, wachimbaji wengi walikuwa watu wa chapel, yaani makanisa yaliyo nje ya Anglikana, Wabaptisti na Wamethodisti na Waindependenti, wana vitabu vyao.

Mzee_wa_Mafaili:
Naongezea, waliokuja Scranton walikuwa na gazeti lao la Kiwelshi, Y Drych, lilianza New York 1851 baadaye likahamia Utica, taarifa za vifo humo mara nyingi zinataja marehemu katokea wapi Wales. Kafa 1911, kaangalie miezi ile.

Binti_Pangani:
Nimempata Evan 1861 Aberdare!! Wapo wawili lakini, wote wana mtoto David 🙃 Mmoja mkewe Gwenllian, mwingine Mary.

Dada_wa_Cardiff:
Hebu soma majina ya mabinti kwenye hiyo Biblia, yupo Gwenllian?

Binti_Pangani:
Binti wa kwanza, 1876.

Dada_wa_Cardiff:
Basi pengine kapewa jina la bibi yake, anza na nyumba hiyo ya Gwenllian, agiza cheti cha kuzaliwa cha huyo David, ulinganishe tarehe na ya kaburini. Huyo wa Mary usimfute mpaka karatasi ifike.