Naomba ushauri: rola kosta yangu haina faida

Habari zenu ndugu. Niko Bukavu, nacheza RollerCoaster Tycoon 2, ule mchezo wa 2002 wa kujenga bustani ya burudani. Naupenda kwa sababu hata kompyuta ya zamani inaubeba.

Shida ni rola kosta (treni ya burudani inayopanda na kuteremka kwa kasi) ya mbao niliyojenga. Mteremko wa kwanza ni mrefu, halafu inafuata kona kali isiyolazwa upande. Kwenye vipimo vya mchezo, ukali umepita 10, msisimko umeshuka. Wageni wanafika mlangoni, wanaona ni kali mno, wanageuka. Kwenye grafu, nguvu ya pembeni inapaa palepale kwenye kona. Je, niilaze kona hiyo, au nipunguze mteremko? Kuibomoa yote sitaki kabisa, inapita juu ya maji vizuri mno!

Halafu bei. Nikipandisha wanakataa kulipa, nikishusha sipati hata gharama za uendeshaji. Nyinyi mnaanza na bei gani reli ikiwa mpya, na mnaishusha lini inapozeeka? Na kuongeza treni ya pili pamoja na breki za katikati ya njia, kutapunguza foleni kweli?

Asanteni sana, nasubiri majibu.