Kelly Bryant aliisaliti Clemson? Mimi nasema hapana

Wadau, kila wakizungumzwa makwotabeki (wachezaji wanaoongoza mashambulizi na kurusha mpira katika soka ya Kimarekani) wa vyuo vikuu vya Marekani kuna hoja haikosi: Jalen Hurts alivumilia benchi akavuna, Kelly Bryant akakimbia akaambulia patupu. Naipinga, na naomba tuijadili kwa tarehe.

Msimu wa 2017 Bryant ndiye aliyekipa chuo chake cha Clemson ubingwa wa ligi yao ya ACC na kukifikisha nusu fainali ya taifa, wakafungwa 24-6 na Alabama, chuo cha huyo huyo Hurts. Siku saba baadaye, Januari 8, 2018, kwenye fainali mjini Atlanta, Alabama ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma 13-0 mbele ya Georgia. Kocha Nick Saban akamtoa Hurts, akamwingiza Tua Tagovailoa wa mwaka wa kwanza, na Alabama ikashinda 26-23 katika muda wa nyongeza.

Hurts alibaki kusugua benchi. Desemba mwaka huohuo, uwanja uleule, Georgia ileile, Tagovailoa akaumia. Hurts akaingia akaipindua mechi, 35-28. Hapo kila mtu alimpenda, nami nikiwemo.

Sasa Bryant. Septemba 2018 Clemson ilishinda mechi zake nne za mwanzo, zote akianza yeye. Kocha Dabo Swinney akamteua Trevor Lawrence aanze badala yake, naye kijana wa mwaka wa kwanza, na siku mbili baadaye Bryant akaaga.

Watu wanaruka jambo moja. Mchezaji wa chuo ana misimu minne tu ya kucheza, na huo wa 2018 ulikuwa wa nne na wa mwisho kwa Bryant. Kanuni mpya ya mwaka ule ilisema aliyecheza mechi zisizozidi nne hahesabiwi msimu. Angegusa uwanja katika mechi ya tano, hata dakika za mwisho za mechi iliyokwisha amuliwa, basi msimu umekwenda na hana mwingine. Hurts alikuwa na msimu mmoja kibindoni. Alibaki, akamaliza shahada yake, kisha Januari 2019 akahamia Oklahoma na kucheza moja kwa moja bila kukaa nje mwaka mzima. Yaani naye aliondoka! Hatumwiti msaliti, na ni sawa tusimwite.

Hoja inayoniuma ni ya mechi ya tano, dhidi ya Syracuse. Siku tatu tu baada ya Bryant kuaga, Lawrence aliumia kipindi cha kwanza, na mzigo ukamwangukia kijana wa akiba, Chase Brice. Clemson iliponea chupuchupu, 27-23. Wenzake walimhitaji siku ile, hilo silikatai. Lakini mwaka 2018 wachezaji hawa walipewa ufadhili wa masomo tu, huku makocha wakilipwa mamilioni ya dola. Saban mwenyewe alitamka hadharani Desemba 2006 kwamba hatakuwa kocha wa Alabama, na wiki mbili baadaye akaiacha Miami Dolphins, timu ya kulipwa, akaenda hukohuko. Kwa nini deni la uaminifu limwangukie mwanafunzi peke yake?

Mtaniambia tazama mwisho wao: Clemson walitwaa taji la taifa bila Bryant, wakiichapa Alabama 44-16. Yeye akaenda Missouri, akasumbuliwa na majeraha, na 2020 hakuna timu ya NFL, ligi ya kulipwa, iliyomchagua. Hurts akatwaa Super Bowl, fainali ya NFL, mwaka 2025 na Philadelphia. Ndiyo, lakini majeraha ya Missouri hayakuwa mezani Bryant alipoamua. Kilichokuwa mezani ni msimu mmoja uliobaki na kocha aliyekwisha chagua mwingine.

Anayesema alikosea anijibu hili: Jumatano ile Bryant alipoaga, mechi ya tano ikiwa Jumamosi, ungemshauri mdogo wako afanye nini?