Pikapu ya 2L imechemsha: niifungue nyumbani, niivushe Unguja au ninunue injini ya mtumba?

Mkulima wa Konde
Assalaam alaykum. Pikapu yangu ni Hilux yenye injini ya dizeli ya 2L, ile yenye ujazo wa cc 2446, na kazi yake ni kubeba karafuu na ndizi kutoka Konde hadi Wete, huku kwetu Pemba. Wiki iliyopita mpira wa rejeta ulipasuka njiani, na kijana aliyekuwa akiendesha hakuitazama geji ya joto mpaka injini ilipozima yenyewe. Sasa rejeta inatoa mapovu mara tu injini inapowaka, na oili kwenye kijiti imekuwa kama chai ya maziwa. Nifungue uani pamoja na mdogo wangu, ambaye amewahi kufanya kazi gereji, niivute hadi Mkoani na kuivusha Unguja, au ninunue injini ya mtumba?

Spana Kumi na Nne
Waalaykum salaam. Kwanza msiiwashe tena, kwa sababu oili iliyoingia maji hula metali za krenki, yaani vikalio laini ambamo krenki huzungukia. Dalili hizo ni za gasketi ya silinda hedi (kizibo chembamba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku) iliyoungua au za hedi iliyopasuka, na huwezi kuchagua njia kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo. Kuifungua hedi hakuhitaji kuishusha injini, kwa hiyo sehemu hiyo mnaiweza uani. Mwageni maji na oili, hakikisheni alama za taimingi (mpangilio wa krenki na valvu) zimekutana kabla ya kuvua belti yake, kisha mlegeze boliti za hedi kidogo kidogo, mkianzia za nje na kuingia ndani, la sivyo hedi itapinda mikononi mwenu.

Ikishatoka, isafisheni, mpake mafuta ya taa baina ya valvu, mfute pakauke, halafu mnyunyizie unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatapanda na kuchora mstari mwembamba kama unywele. Lazeni pia rula ya chuma kwa urefu na kwa mshazari, mjaribu kupitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Ikiwa imepinda tu, ipakieni hedi peke yake kwenye boti, isawazishwe karakanani Unguja, ila mwenye mashine aambiwe kuwa ni ya dizeli, asiikwangue kupita kiasi, kwa kuwa valvu hukaribiana mno na vichwa vya pistoni.

Bint Chake
Mimi nilinunua injini ya mtumba. Ilifika imepakwa rangi ya fedha, inang'aa kama sahani ya harusi, na tulipofungua kifuniko cha valvu tukakuta tope jeusi la oili iliyoganda. Inatembea hadi leo, sikatai, lakini nozeli zote nne za kupulizia dizeli nilizibadilisha. Kumbuka pia kwamba namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari, na usipoibadilisha utakuja kusumbuka siku ya kuuza.

Mzee wa Daladala
Ninakubaliana na Spana kuhusu kufungua, ila sikubaliani na wanaofungia uani bila spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ami yangu alikaza hedi kwa makisio ya mkono, na gasketi mpya ikaungua kabla ya mwezi kwisha. Azima hiyo spana hata kama itakubidi uifuate Chake, ukaze kutoka katikati kwenda nje kwa awamu tatu, na usiichague siku ya upepo wa kusi, kwani vumbi la uani huingia kwenye silinda bila kubisha hodi.

Mkulima wa Konde
Ahsanteni nyote. Tumefungua jana chini ya mwembe. Chaki haikuonyesha ufa, lakini fila geji inapita vizuri kabisa katikati, baina ya silinda ya pili na ya tatu, yaani hedi imepinda. Hedi inaondoka Alhamisi ikiwa ndani ya gunia. Ndani ya njia za maji tumekuta kutu na chumvi nene, ambayo bila shaka ni ya maji yetu ya kisima, kwa hiyo safari hii nitatia kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu.

Spana Kumi na Nne
Vyema. Soma herufi iliyomo kwenye gasketi ya zamani kabla hujaitupa. Zipo B, D na F, na unene wake hutofautiana kufuatana na jinsi pistoni zinavyochomoza. Maadamu pistoni hamkuzigusa, nunua herufi ileile.

Mkulima wa Konde
Ilikwishatupwa nyuma ya banda la kuku. Nimeitafuta kwa tochi, nimeiona: ni D.