Naombeni ushauri: SPSS inanigomea kwenye rigresheni, nihamie R? Nimebakiwa na siku 16

BintiUluguru
Habarini wakuu. Nasoma masters ya afya ya jamii, mwaka wa mwisho. Tasnifu yangu inahusu mama wajawazito kuwahi kliniki kabla ya mimba kufika wiki 12. Nina madodoso 384 kutoka vituo vinne vya afya, yote nimeyaingiza mwenyewe kwenye kompyuta, nimekesha nayo wiki tatu. Natumia SPSS, programu ya takwimu. Asilimia na majedwali ya mwanzo yametoka vizuri. Nikifika kwenye rigresheni ya lojistiki, ile hesabu ya kuona nini kinaendana na mama kuwahi au kutowahi, kituo kimoja kinaleta mauzauza: Exp(B), yaani uwiano wa uwezekano, inasoma 0.000, S.E., yaani kosa sanifu, inasoma 4102, Sig., yaani thamani ya p, inasoma .996. Nimefuta programu, nimeipakua upya, ni yale yale. Na yenyewe ni ya majaribio, muda wake unaisha Jumapili.

Swali langu: nihamie R, programu nyingine ya takwimu, au kuna mwenye SPSS kamili anisaidie? R naiogopa, sijawahi kuandika kodi maishani. Rasimu inatakiwa baada ya siku 16 na usingizi sina. Nawasilisha.

NgomaKavu
Hama leo. R ni bure, haina majaribio wala Jumapili. Waliianzisha Ross Ihaka na Robert Gentleman pale Auckland, New Zealand, na toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Kama kodi inakutisha, pakua jamovi: ndani yake ni R, kwa nje unabofya kama SPSS. Mimi nilihama tangu nikiwa mwaka wa pili na sijawahi kurudi. Kwa hilo jedwali lako tafuta kifurushi kinaitwa logistf, kinatumia njia ya Firth, rigresheni iliyorekebishwa kwa kundi lenye jibu moja tu. Namba zitatulia.

Chumvi2
Pole dada. Yaliwahi kunikuta. Utafiti wangu ulikuwa wa wanafunzi wa darasa la saba. Wastani wa umri ukatoka miaka 21! Msimamizi akaniuliza, "Hawa ni darasa la saba la wapi?" Nikashinda siku nzima natafuta. Kumbe asiyejibu umri nilimpa 99, halafu sikuiambia programu kwamba 99 maana yake hakujibu. Mmoja kati ya kumi alikuwa na miaka 99. Angalia 99 zako.

MzeeKigoda
Sisi tulipiga hesabu kwa kikokotoo na karatasi za mraba. Mtu alikuwa anaijua data yake kama anavyowajua watoto wake. Siku hizi mnabofya, mkishindwa mnailaumu mashine.

KaziSafi
Dada, kazi za data kuanzia usafishaji hadi sura ya nne ni laki moja na nusu, siku tatu umepata. Njoo inbox na faili.

BintiUluguru
@KaziSafi asante kaka, nakutumia usiku huu. @Chumvi2 nimeangalia, 99 nilizitangaza.

FundiNamba
Binti, usitume faili lolote kwanza. Lina majina ya wale mama? Lina namba za simu? Kama yamo, huna ruhusa ya kumpa mtu wa inbox. Waliweka sahihi wakijua unayesoma ni wewe na msimamizi wako, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Futa safu hizo, bakiza namba ya dodoso tu.

La pili, SPSS haijakugomea. Ile S.E. ya 4102 ndiyo jinsi programu inavyolalamika ikikuta kundi lenye jibu moja tupu. Inajaribu kukadiria uwezekano ambao ni sifuri kamili, inazidi kushuka, haifiki chini, mwishoni inaacha. Ukihamia R tatizo utahama nalo. Firth aliyoitaja NgomaKavu ni njia halali na itakupa namba, ila haitakwambia kwa nini kundi hilo lina jibu moja. Weka hapa jedwali: kila kituo, waliowahi wangapi, jumla wangapi.

BintiUluguru
Kituo cha kwanza 38 kati ya 96. Cha pili 29 kati ya 96. Cha tatu 44 kati ya 96. Cha nne 0 kati ya 96. Kile cha nne kiko ng'ambo ya mto, mbali kabisa, kwa hiyo nadhani ni hali halisi ya kule.

FundiNamba
Nani aliwahoji wa kituo cha nne? Kwa siku ngapi? Na dodoso moja linachukua muda gani?

Chumvi2
Hapo sasa.

NgomaKavu
Jamani mbona tunamhoji kama yuko polisi? Kauliza programu. Dada, jamovi umeshapakua?

BintiUluguru
Samahani kwa kukawia kujibu. Dodoso ni dakika 35 hivi. Kituo cha nne alikwenda msaidizi wangu, siku mbili.

FundiNamba
Mahojiano 96 kwa siku mbili ni 48 kwa siku. Zidisha kwa dakika 35, unapata dakika 1,680. Hizo ni saa 28, na siku ina 24.

Kabla hujanijibu, yatoe hayo madodoso, yaweke kando ya yale ya kituo cha kwanza, uyatazame kwa macho tu.

BintiUluguru
Nimeyatoa. Sina haja ya kuyatazama sana kwa sababu nilishayatazama tangu Aprili.

Ya kituo cha kwanza yamekunjamana, mengine yana uji wa mtoto, moja lina alama ya kikombe, vema nyingine zimetoboa karatasi kwa sababu tuliandikia magotini. Ya kituo cha nne yamenyooka kama yametoka kwenye fotokopi. Kalamu moja ya bluu kuanzia la kwanza hadi la 96, vema zote zimelalia kulia. Masika yalikuwa yamekata barabara, pikipiki hazivuki, na pesa ya kwenda mara ya pili sikuwa nayo. Msaidizi ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Nilimlipa elfu tatu kwa dodoso. Alirudi siku ya tatu na boksi limejaa, viatu vikavu.

Lakini naombeni mnielewe. Nimeshapata njia. Nikiitoa "kituo" kwenye modeli, yale mauzauza yanakwisha, elimu ya mama inatoka na thamani ya p ya 0.003, chini kabisa ya mpaka wa 0.05, na inakubaliana na tafiti nyingine. Msimamizi hajawahi kuomba kuona data ghafi. Na huyu mdogo wangu, mama yake ndiye aliyenilipia ada ya muhula wa pili. Nitamtaja vipi? Nikirudia mwaka ada itatoka wapi? Nilichouliza ni programu tu.

MzeeKigoda
Mwanangu, nilikusema vibaya jana na samahani yangu uipokee. Lakini umeona viatu vikavu ukanyamaza. Hapo ndipo kosa lilipoanza kuwa lako.

NesiWaZamu
Mimi ni muuguzi, kliniki ya wajawazito ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nimesoma hiyo sifuri kati ya 96 nikasikia moto kichwani. Mama akija hudhurio la kwanza tunaandika kwenye kitabu namba 6 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za vituo vya afya, kama mimba iko chini ya wiki 12 au imezidi. Hata kituo cha porini wapo wanaowahi: aliyewahi kuharibikiwa na mimba, mke wa mwalimu, binti aliyeletwa na mama mkwe. Ripoti yako ikimfika mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya, wa kwanza kuulizwa ni muuguzi wa pale, yuko peke yake, anapima, anachoma sindano, anafagia. Ataambiwa hahamasishi. Ataulizwa wanawake wako 96 wanafanya nini hadi miezi mitano. Na hao wanawake hawajawahi kuulizwa na mtu.

Karanga
Wakuu, mimi hii naiona chai. Tazameni vizuri. Fomula ya Cochran ya kutafuta idadi ya watu wa kuhoji, ukiweka nusu kwa nusu na kosa la asilimia 5 inakupa 384.16, kila kitabu cha mbinu za utafiti kinayo. Huyu anazo 384 kamili, 96 kila kituo, kama zimepimwa kwa kibaba. Hakuna aliyekataa? Hakuna dodoso lililolowa? Hakuna mama aliyeitwa na mume katikati? Utafiti wa kweli hauko hivyo. Ama hadithi imetungwa ili KaziSafi apate wateja, ama ni KaziSafi mwenyewe kwa jina jingine.

KaziSafi
Mimi simjui huyu dada na faili hajanitumia. Nimefuta tangazo.

Chumvi2
Duh. Karanga kaleta hoja. Mimi nililenga 200, nikarudi na 163.

NgomaKavu
Kama ni chai basi aliyeipika anajua viungo. Ile 4102 huwezi kuibuni ukiwa umekaa. Nimejaribu kwenye mashine yangu: kundi la watu 96 wenye jibu moja, SPSS imetoa 4102 kweli.

BintiUluguru
@Karanga swali lako limenikalisha chini. Sijatunga. Lakini umeuliza kitu ambacho hawa wote hawakuniuliza.

Hayakurudi 384 kamili. Katika vituo vitatu vya mwanzo mama saba waliitwa kupimwa mahojiano yakiwa katikati, hawakurejea kwangu. Saba hayo niliyamalizia mwenyewe nyumbani kwa kufuata majibu ya wenzao, ili nifikishe 384 ya kwenye pendekezo la utafiti. Ndiyo maana nilipoona yale ya mdogo wangu sikuweza kumgombeza. Ningeanzia wapi?

Karanga
Pole dada. Nafuta neno langu.

FundiNamba
Ahsante kwa kusema. Sasa tufanye kazi.

Yale saba usiyatupe. Ulitumia kalamu ile ile?

BintiUluguru
Hapana. Kliniki nilitumia bluu, nyumbani nyeusi. Yanaonekana.

FundiNamba
Basi umebahatika. Kila jibu la wino mweusi lifute kwenye faili, liwe halikujibiwa. Chumvi2 keshakueleza habari ya 99. Karatasi zenyewe usizifute chochote.

Kituo cha nne kitoke chote. Unabaki na 288. Unajua umepoteza nini? Ulipanga kosa la asilimia 5, kwa fomula ile ile sasa litakuwa asilimia 5.8. Basi. Kwa pengo hilo umekosa usingizi tangu Aprili. Utaandika kwenye sura ya tatu kwamba vituo vilikuwa vinne, kimoja kimeondolewa kwa sababu ukusanyaji wake haukuthibitika, na hutasema lolote kuhusu ng'ambo ya mto. Kuiondoa "kituo" kwenye modeli huku watu 96 wakibaki ndani ni kuficha tu, hata hiyo 0.003 huwezi kujua imeletwa na nani. Rudia upya bila wao. Ikibaki, ibaki. Ikiondoka, andika imeondoka.

Mwambie msimamizi kabla hujampa rasimu, na yeye ndiye atakayejua kamati ya maadili iambiwe nini. Mdogo wako huna haja ya kumtaja kwa jina. Andika "msaidizi wa utafiti", na useme wewe hukumsimamia, maana ndivyo ilivyokuwa.

NesiWaZamu
Na mama mdogo mwambie wewe kwanza, asisikie kwa mtu.

BintiUluguru
MREJESHO. Nimerudia na 288. Elimu ya mama ilikuwa 0.003, sasa ni 0.08, imevuka mpaka. Nimeangalia mara tatu. Umbali kutoka nyumbani umebaki. Nimemwandikia msimamizi saa nne usiku, nimeeleza yote, na saba zangu nimeziweka aya ya kwanza. Amejibu asubuhi mstari mmoja: nije Jumatatu saa tatu na karatasi zote. Kwa mama mdogo naenda kesho baada ya kanisa.

Chumvi2
Tuko pamoja dada. Jumatatu tunasubiri.

FundiNamba
Ya kituo cha nne nenda nayo pia, yafunge peke yake na uyaandike tarehe yaliyokufikia. Usithubutu kuyachoma.

BintiUluguru
Yako chini ya kitanda, kwenye boksi la mafuta ya kupikia. Natafuta kamba.